Bepari Ajitukanaye kwa Kiingilio

Limezuka dai miongoni mwa wasomi wa mijini, nalo husemwa kwa majivuno kila panapotajwa habari ya unyonyaji: kwamba ubepari umekwisha kujihukumu wenyewe, na kwamba hukumu hiyo imetolewa katika sinema. Tazama, husema wasomi hao, jinsi Hollywood, ngome ya fedha ya Marekani, ilivyotumia zaidi ya nusu karne kuyaonyesha makampuni makubwa ya siku zijazo yakila watu, yakiuza hewa, yakimiliki polisi, yakiwatupa wafanyakazi kama makapi ya muwa. Ikiwa bepari amekiri dhambi zake mbele ya dunia nzima, kwa rangi na kwa sauti, basi mwalimu wa uraia anayeendelea kufundisha juu ya mirija ya wanyonyaji anapoteza pumzi bure. Na awaonyeshe wanafunzi wake sinema, kisha arudi nyumbani akapumzike.

Dai hili ni la hatari kwa sababu nusu yake ni kweli. Uongo mtupu haumpotezi mtu mzima. Kinachompoteza ni ukweli uliokatwa katikati.

Ichukuliwe Alien, sinema ya Ridley Scott iliyotolewa na kampuni ya Twentieth Century-Fox mwezi Mei 1979. Wengi huikumbuka kwa lile dudu linalopasua kifua cha mtu wakati wa chakula. Lakini kabla ya dudu kuna kazi. Merikebu ya angani iitwayo Nostromo inakokota kiwanda cha kusafishia madini pamoja na shehena ya tani milioni 20, ikirudi duniani. Ndani yake wamo watu saba. Si mashujaa wala wapiganaji, bali waajiriwa wa mkataba wenye usingizi machoni. Mafundi wawili wa chumba cha mitambo, Parker na Brett, wanaanza kulalamika tangu mlo wa kwanza kwamba fungu lao la bonasi si sawa na la wenzao. Chombo kinapogeuzwa njia ili kufuata ishara ngeni, Parker hasemi habari za maajabu ya nyota; anataka kujua kama kazi hiyo imo katika mkataba na kama italipwa. Anajibiwa kwa kutajiwa kifungu: atakayekataa atapoteza malipo yake yote. Baadaye inafichuka kwamba kampuni ilikuwa imemweka chomboni afisa wa sayansi ambaye si mwanadamu bali mashine, na kwamba amri aliyopewa ni kulifikisha lile dudu salama kwa mabwana, hata kama mabaharia wote watakufa.

Hapa pana ukweli, na asiyeukubali ni mkaidi. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mkataba katika mgodi au shamba la mgeni atalitambua lile jibu la kifungu. Hata jina la chombo lina maana, kwani limechukuliwa katika riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1904 inayohusu mgodi wa madini ya fedha unaoipinda nchi nzima ya kubuni huko Amerika ya Kusini. Naye fundi Parker aliigizwa na Yaphet Kotto, Mmarekani mweusi, yuleyule aliyekuwa ameigiza nduli Idi Amin katika sinema ya televisheni juu ya Entebbe. Alien ilipotolewa, nduli mwenyewe alikuwa amekwisha kung'olewa Kampala yapata wiki sita zilizotangulia, na majeshi ya Tanzania ndiyo yaliyokuwa mbele katika kazi hiyo. Lakini hayo ni pembeni.

Mtumishi wa serikali akiitazama sinema hiyo kwa jicho la kazi yake atakuta nafasi tupu. Chombo hiki kimesajiliwa bandari gani? Mkataba wenye kifungu cha namna ile uliidhinishwa na nani? Afisa kazi aliyeukagua yuko wapi, na mkaguzi wa usalama alipanda chomboni lini? Akina Parker ni wanachama wa chama gani cha wafanyakazi? Hakuna jibu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Katika ulimwengu wa sinema hizi kuna kampuni, kuna shujaa mmoja, na katikati yao hakuna kitu. Serikali imefutwa. Chama cha wafanyakazi kimefutwa. Mahakama, bunge, ofisi ya kodi, shule, vyote vimefutwa, kwa upole, pasipo mtazamaji kusikia sauti ya kifutio. Na pale serikali inapojitokeza, ni heri isingejitokeza: katika sinema ya pili, iliyotengenezwa na James Cameron mwaka 1986, Ripley, mwanamke pekee aliyeokoka, anahojiwa mbele ya meza walikoketi pamoja watu wa kampuni, wa bima na wa serikali, na kikao kinapomalizika anayeadhibiwa ni yeye, kwa kunyang'anywa leseni yake ya kazi.

Ufutaji huo ndio unaopaswa kupingwa. Mtazamaji anafundishwa kuichukia kampuni, na papo hapo anafundishwa kwamba hakuna chombo chochote cha watu wengi kinachoweza kuizuia. Chuki isiyo na chombo haimtishi bepari hata kidogo. Kwa hakika humfaa, kwani mtu aliyekwisha kukata tamaa hagomi, hapigi kura, haandiki ripoti ya ukaguzi. Hununua tiketi nyingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Rollerball ya Norman Jewison, iliyotolewa mwaka 1975. Humo mwaka ni 2018, mataifa yamekwisha kufa, na dunia imegawanywa baina ya makampuni machache: moja ya nishati, nyingine ya chakula, nyingine ya usafiri, na kadhalika. Vitabu vimefupishwa kwa matakwa ya makampuni. Kompyuta kuu huko Geneva, inayotunza maarifa yote ya wanadamu, imeipoteza karne nzima ya 13, na mtunzaji wake anaieleza hasara hiyo kama mtu aliyesahau mwavuli katika basi. Mwalimu wa historia atacheka hapo, kisha atanyamaza. Umma wenyewe hupumbazwa kwa mchezo wa damu, uliobuniwa ili kuwafundisha watu kwamba juhudi ya mtu mmoja haina maana. Mchezaji hodari, Jonathan E, anakataa kustaafu kama alivyoamriwa, na mwisho anabaki peke yake uwanjani huku umati ukiliita jina lake. Kampuni ipi imeanguka? Hakuna. Nani amechukua hatamu? Hakuna. Taa zinawashwa, watu wanatoka nje.

Na ni nani aliyeuza onyo hilo? United Artists, ambayo tangu mwaka 1967 ilikuwa mali ya Transamerica Corporation, kampuni kubwa ya bima na fedha yenye makao yake katika lile jengo la umbo la piramidi mjini San Francisco. Basi kampuni ya bima ilinunua kampuni ya sinema. Kampuni ya sinema ikauza sinema ya kuwatahadharisha watu juu ya makampuni yanayomeza makampuni. Na hesabu za mauzo zikaingia katika vitabu vya kampuni ya bima. Hapo hapahitajiki maelezo ya msomi.

Watetezi watasema kwamba mtumishi wa umma hakusahauliwa kabisa. Ni kweli, yumo. Katika Soylent Green ya mwaka 1973, ambayo mji wake ni New York wa 2022 wenye njaa, shujaa ni askari mpelelezi. Anagundua kwamba chakula kinachouzwa na kampuni ya Soylent kimetengenezwa kwa maiti za watu, na mara ya mwisho anaonekana akibebwa machelani, damu inamtoka, anapiga kelele za ukweli katika ukumbi uliojaa maskini waliolala. Hakuna anayejulikana kuwa amesikia.

RoboCop ya mwaka 1987 ni kali zaidi, tena ina werevu mwingi, na kwa hiyo yafaa kuitazama kwa kituo. Mji wa Detroit umeshindwa kujiendesha, na jeshi lake la polisi limekabidhiwa kwa kampuni iitwayo Omni Consumer Products, ambayo inataka kuubomoa mji wa zamani na kujenga mpya kwa faida yake. Askari Murphy anauawa kinyama na majambazi. Kampuni inauchukua mwili wake, inautia chuma, na kumrudisha kazini akiwa mali yake halali. Ndani ya ubongo wake imefichwa amri ya nne: haruhusiwi kumgusa afisa yeyote wa ngazi ya juu wa kampuni. Yeyote aliyewahi kuona faili la kigogo likipotea baina ya meza mbili hatahitaji kutafsiriwa jambo hilo.

Sasa tazama mkasa unavyomalizwa. Murphy anaingia katika chumba cha halmashauri akiwa na ushahidi kwamba kigogo mmoja wa kampuni, makamu wa mwenyekiti kwa vitendo, ni muuaji. Hawezi kumpiga risasi. Amri ya nne inamfunga. Ndipo mwenyekiti mzee wa kampuni, aliyekamatwa mateka na makamu wake, anapotamka kwamba makamu amefukuzwa kazi. Papo hapo yule si afisa tena, bunduki inafunguka, naye anaanguka kupitia dirishani. Mwenyekiti anamsifu askari wake kwa shabaha nzuri na kumwuliza jina. Kampuni iko palepale. Polisi wangali mali yake. Haki imetendeka kwa kuwa tajiri mkubwa amemfukuza tajiri mdogo! Na polisi wenzake Murphy, ambao katika sinema hiyohiyo wanagoma kwa sababu wanauawa kwa uzembe wa kampuni, mgomo wao unaonyeshwa kama balaa, siku ambayo wezi wanavunja maduka na mji unawaka moto.

Ukoo huu una babu yake. Mwaka 1927, huko Ujerumani, Fritz Lang alitoa Metropolis, yenye wafanyakazi walioishi chini ya ardhi na mabwana walioishi minarani. Wafanyakazi wanapoasi, wanaonyeshwa kama wehu wanaobomoa mitambo na kuwasahau watoto wao katika mafuriko. Mwishoni mwana wa tajiri anaushika mkono wa baba yake na mkono wa msimamizi wa wafanyakazi, anaviunganisha mbele ya kanisa, na watu wanaambiwa kwamba moyo umepatanisha kichwa na mikono. Mshahara haukupanda hata senti, saa za kazi hazikupungua hata dakika. Lang mwenyewe baadaye aliukana mwisho huo. Kampuni ya UFA iliyoitengeneza ilichukuliwa mwaka huohuo wa 1927 na Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti na viwanda, ambaye mwezi Januari 1933 aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Hitler. Hayo ndiyo mapatano ya kichwa na mikono yalivyopata kuonekana nje ya ukumbi.

Watu wa Ulaya na Marekani huiweka kampuni yenye bendera na bunduki katika karne ya 22 kwa sababu, kwao, hilo ni jambo la kubuni. Mwambao wa Afrika Mashariki haukungojea karne hiyo. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imepata mkataba kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ilianza kuitawala pwani na kutoza ushuru wa forodha kwa jina lake. Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, alishikilia kwamba bendera ya kampuni lazima ipandishwe. Hakuwa gavana wala balozi. Alikuwa mwajiriwa. Watu wa Pangani waliinuka, Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao, Bwana Heri akainuka Saadani na Uzigua, na katika muda wa wiki chache kampuni ilikuwa imefukuzwa karibu pwani nzima, ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam.

Ikumbukwe kampuni ilifanya nini baada ya kushindwa. Haikuleta mashine yenye umbo la mtu. Ililia kwa serikali yake. Bunge la Ujerumani lilipiga kura mapema mwaka 1889 na kutoa marki milioni mbili. Hermann Wissmann akatumwa na askari wa kukodiwa kutoka Sudan na Msumbiji. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo, na tangu tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikashika utawala wenyewe. Kampuni haikuila dola kama Rollerball inavyosimulia. Kampuni ilikimbilia chini ya dola, kama kifaranga anavyokimbilia chini ya bawa. Wanafunzi wanaoweza kuichora ramani ya nyota ya Pandora, na ambao Pangani kwao ni kituo cha basi tu, wamenyimwa kisa hicho, na waliowanyima si Wamarekani.

Kwa hiyo ndoto ya kampuni isiyohitaji serikali ni hadithi inayompendeza bepari mwenyewe. Ushahidi umo ndani ya kanda zilezile. Kabla ya picha kuanza, kabla ya nyota na muziki, kanda za video na sahani za DVD za makampuni ya Marekani zilikuwa na maandishi yaliyokatazwa kurukwa: onyo la FBI, polisi wa upelelezi wa serikali ya Marekani, kwamba atakayenakili bila idhini aweza kufungwa miaka mitano na kutozwa faini ya dola 250,000. Kisha huanza hadithi ya mji usio na serikali! Dola ilikuwapo tangu sekunde ya kwanza, imesimama mlangoni na rungu, ikilinda mali ya kampuni. Haikufutwa kwa kuwa haipo. Ilifutwa ili mtazamaji asiikumbuke na kuidai iwe yake.

Upande wa faida hauna haja ya maneno mengi. Avatar ya mwaka 2009, yenye kampuni ya madini inayong'oa makao ya wenyeji wa Pandora kwa ajili ya jiwe la thamani, ilitolewa na Fox ilipokuwa mali ya Rupert Murdoch, na iliingiza zaidi ya dola za Marekani milioni 2,700. Mwaka 2017 Pandora ilijengwa katika bustani ya Disney huko Florida, na wageni wanalipa kiingilio ili kutembea chini ya milima ileile ambayo kampuni ya sinemani ilitaka kuichimba. Mwaka 2019 Disney ikainunua Fox, na dudu la Alien likaingia katika zizi moja na Mickey Mouse. Disney hiyohiyo ilikuwa imetoa WALL-E mwaka 2008, juu ya duka moja kubwa lililoijaza dunia takataka, kisha ikauza vinyago vya plastiki vya WALL-E madukani. Na katika Blade Runner ya mwaka 1982, ambayo Los Angeles yake inatawaliwa na kampuni ya Tyrell inayotengeneza watumwa wa kuishi miaka minne tu, ukuta mzima wa jengo unawaka tangazo la Coca-Cola. Kampuni ovu imepewa jina la kubuni. Kampuni ya kweli imewekwa kama pambo.

Katika Avatar wenyeji wanaokolewa na askari mgeni aliyevaa mwili wao, akawafundisha kupigana vita ambavyo kabla yake hawakujua kuvipanga. Mtu mweusi aliyezoea kuona ukombozi ukiletwa na mzungu wa sinema hatashangaa. Lakini ulinganifu ulio karibu uko hapa nchini. Mwezi Machi 2017 serikali ya Tanzania ilizuia makinikia ya dhahabu yasisafirishwe nje. Zikaundwa kamati za wataalamu, zikapima na kuhesabu. Mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake. Yakafuata mazungumzo ya miaka miwili, na mwezi Januari 2020 ukatiwa saini mkataba ulioipa serikali hisa asilimia 16 katika kampuni ya Twiga, pamoja na ahadi ya malipo ya dola milioni 300. Wapo wanaobishana kama kilichopatikana kilitosha, na mabishano hayo ni halali. Lakini waliofanya kazi ile walikuwa wajiolojia, wahasibu, wanasheria na makarani wa kupiga chapa. Hakuna aliyeruka juu ya mgongo wa ndege mwekundu.

Sinema haiwezi kuonyesha karani kwa saa mbili, watasema watetezi, mtazamaji atalala. Pengine. Basi na waulizwe waandishi wa sinema hizo wenyewe, wao walifanya nini kampuni ilipowafikia shingoni.

Tarehe 2 Mei 2023 chama cha waandishi wa sinema na televisheni cha Marekani kiligoma. Tarehe 14 Julai chama cha waigizaji kikafuata, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1960 kwa vyama hivyo viwili kugoma kwa wakati mmoja. Waligombea malipo yaliyokuwa yakinyauka tangu sinema zilipohamia kwenye mitambo ya intaneti, na waligombea jambo jingine ambalo wao wenyewe walikuwa wameliandika mara nyingi kama hadithi: mashine kuchukua nafasi ya mtu. Waigizaji wadogo, wale wanaopita nyuma ya shujaa bila kusema neno, walihofu kwamba uso na mwili wao utapigwa picha siku moja, walipwe ujira wa siku moja, na kampuni itumie sura yao milele. Hiyo ni Blade Runner, ila safari hii aliyetishiwa kunakiliwa ni mtu halisi mwenye kodi ya nyumba.

Je, walimtafuta Ripley wao? Walimnunulia mtu mmoja bunduki na kumtuma peke yake kwenye ghorofa ya juu? Walisimama barabarani na mabango, kwa zamu, katika jua la Los Angeles na mvua ya New York, waandishi kwa siku 148 na waigizaji kwa siku 118. Nyota mwenye mamilioni alisimama mstari mmoja na msichana wa kubeba trei ambaye alikuwa akingojea kuitwa. Kazi zilisimama. Kamati za majadiliano zilikaa usiku. Mwishoni ilipatikana mikataba yenye vifungu: kwamba maandishi ya mashine hayatahesabiwa kuwa kazi ya mwandishi, na kwamba sura ya mwigizaji haitanakiliwa bila ridhaa yake na malipo yake. Kifungu kwa kifungu. Silaha ileile iliyompiga Parker mezani iligeuzwa ncha. Dawa, basi, wanaijua. Wanaijua kwa nambari ya kadi zao za uanachama. Kinachotokea ni kwamba wanapoketi kuandika kwa fedha ya kampuni, dawa hiyo haifiki kwenye karatasi.

Mahali fedha ya kampuni kubwa ilipokosekana, dawa ilifika. Sorry to Bother You ya Boots Riley, ya mwaka 2018, inahusu vijana wa Oakland wanaouza bidhaa kwa simu. Wanaunda chama na kugoma, na shujaa wao kwanza anawasaliti wenzake kwa cheo kabla ya kurudi kundini kwa aibu. Upande wa pili kuna kampuni inayowapa watu chakula na kitanda kwa mkataba wa maisha, jambo ambalo babu zetu wangeliita kwa jina lake bila kuhitaji miwani. Kabla yake, mwaka 2008, Alex Rivera alitoa Sleep Dealer, ambamo vibarua wa Mexico wanaunganishwa kwa nyaya mjini Tijuana ili waendeshe mitambo ya ujenzi iliyo Marekani: jasho limevuka mpaka, mwenye jasho amezuiwa. Bwawa la maji la kijiji ni mali ya kampuni na linalindwa kwa ndege zisizo na rubani. Ni sinema zenye kasoro zake, ya Riley hasa, ambayo mwisho wake umezidiwa na vituko. Lakini ndani yake watu wanakutana, wanapatana, na kugombana juu ya la kufanya. Katika hizo nyingine hawakutani kabisa, isipokuwa kukimbia.

Hakuna anayetaka Alien ipigwe marufuku. Marufuku ni kazi ya wavivu, na sinema ile ni bora kuliko nyingi zinazosifiwa kwa uzalendo wake. Mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kuionyesha darasani, mradi aisimamishe pale mezani, kabla ya dudu, mara Parker anapouliza habari ya malipo. Hapo wanafunzi waambiwe watoe daftari. Wauandike upya mkataba wa Nostromo. Waeleze ni nani aukague, akiwa na mamlaka ya sheria ipi, na mabaharia saba walio mbali na nyumbani wapeleke malalamiko yao wapi. Likigonga kengele kabla hawajamaliza, dudu litangoja mpaka kipindi kijacho.